Nilijifunza kupanda: shajara ya kilometa 10 Dodoma

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimechukua kauntabuku mpya dukani kwangu mwenyewe na kuandika tarehe juu. Jumapili ya 24 Agosti kuna mbio za hisani, kilometa 5 na 10, na njia inazunguka barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimejiandikisha kilometa 10. Kuanzia leo nina wiki kumi na mbili kamili.

Nina steshenari Ng'ong'ona. Kwa anayeijua Ng'ong'ona, chuo kiko juu yetu pale, na wanafunzi ndio wateja wangu wa kila siku. Nina miaka 39 na watoto wawili. Tulihamia huku kutoka Dar es Salaam miaka sita iliyopita, ofisi ya baba watoto ilipohamishiwa makao makuu. Dar nilikuwa nakimbia ufukweni asubuhi, chini tambarare, na upepo wa bahari unakupoza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara za chuo zimejengwa juu ya vilima, kwa hiyo ukitoka hapa kwangu huna mita 500 za tambarare. Miaka sita yote hiyo nimekuwa nikiikwepa ile milima. Nakimbia kuizunguka.

Lengo nimeliandika kwa wino mwekundu: chini ya dakika 58.

Jumapili, 8 Juni

Jaribio la kwanza kwenye njia yenyewe. Saa moja, dakika 3 na sekunde 20.

Kilima cha kilometa ya tatu ndicho kilichonimaliza. Nimekipa jina Kilima cha Mbuyu, kwa sababu kuna mbuyu mkubwa pembeni, na ukiufikia unadhani umemaliza, kumbe bado robo. Kwa kipimo cha simu ni kilometa moja na mita 200, na kinapanda mita 58. Kila ukienda mbele mita 100 unainuka karibu mita tano. Kwa macho hakitishi. Nimetembea mara tatu.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu amekuja dukani kutoa kopi za karatasi zake za pensheni. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa Kigogo mrefu, mwembamba. Miaka mingi ndiye aliyekuwa akiongoza mchakamchaka shuleni kwake na kupeleka watoto UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kauntabuku ilikuwa wazi mezani. Akaisoma wakati mashine inapasha moto.

"Wewe ndiye unayekimbia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa kwenye kalavati, chini ya kile kilima. Uje."

Sikumwomba. Nimemrudishia pesa ya kopi, akaikataa, akasema kazi ni kazi.

Jumatano, 11 Juni

Vipande vinne vya mlima. Kila kipande ni kutoka kalavati hadi mbuyuni, kwa kasi, halafu narudi chini natembea, mkono kiunoni, mpaka pumzi itulie.

Mwalimu ana kipimo chake, na nimekipenda sana. Anasimama katikati ya kilima. Nikimfikia natakiwa niseme "Shikamoo Mwalimu" kwa pumzi moja, bila kuikata. Nikiweza, mwendo wangu ni wa kilometa 10. Nikisema "shika" nikavuta hewa ndipo nikasema "moo", basi nakimbia mbio za mita 800 bila kujijua, na zitanigeuka mbele ya safari. Kipande cha kwanza salamu ilikatika. Cha pili ikakatika. Cha tatu nilipunguza mwendo kidogo tu na ikatoka nzima, naye akaitika "Marahaba" akitabasamu gizani. "Pima mlima kwa pumzi," amesema. "Saa ya mkononi haijui kama kuna mlima."

Jumapili, 22 Juni

Kilometa 9. Upepo wa Dodoma mwezi huu si wa mchezo. Vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Mashamba ya uwele na mtama yameshavunwa, yamebaki mabua, na mbuzi wanazurura humo. Asubuhi kulikuwa na baridi kiasi kwamba vidole vilishindwa kufunga kamba za raba. Salamu imetoka nzima mlimani.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka limefungwa. Vipande sita. Jirani yangu, muuguzi, ameanza kuja nami siku anazotoka zamu ya usiku. Ana pumzi kunizidi, ila magoti humsumbua. Tunapanda pamoja na kushuka pamoja tukitembea tunapiga soga. Kushuka huku ndiko kunakonifurahisha zaidi ya vyote, kwa sababu jua linachomoza upande wa mashariki, na ukitazama chini unaona mabati ya mji wote yanawaka.

Raba zangu za zamani zimeisha soli. Nimepata nyingine mtumba pale Sabasaba sokoni, nyepesi, hazijachakaa kisigino.

Jumanne, 15 Julai

Sijakimbia siku nne. Ni msimu wa ripoti na mitihani, nafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku. Jana walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani kwa ajili ya kuprinti na kubaindi. Siwezi kulalamika, huu ndio mwezi unaolipa kodi ya pango. Lakini miguu inaniuliza.

Jumapili, 20 Julai

Jaribio kwenye njia tambarare, upande wa Nzuguni, kilometa 10: dakika 54 na sekunde 36.

Nimesimama pembeni ya barabara nikaangalia simu mara tatu. Sijawahi kukimbia kilometa 10 chini ya dakika 56 tangu nizaliwe, hata Dar. Jirani amenikumbatia mpaka watu wa bajaji wakapiga honi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimebadilisha malengo. Sasa yako matatu. La kwanza, chini ya dakika 55, yaani kila kilometa kwa dakika 5 na sekunde 30. La pili, lile la mwanzo, chini ya dakika 58. La tatu, nisitembee hata hatua moja.

Nilipomwonyesha Mwalimu, amesoma kimya. Kisha: "Hiyo 54 uliipata wapi?" Nikamwambia Nzuguni. "Nzuguni hakuna mlima." Nikamjibu kwamba unachopoteza ukipanda si utakirudishiwa ukishuka? Amefunga kauntabuku na kunikabidhi. Hakujibu. Nimeandika hili hapa kwa sababu ukimya wake haujanitoka.

Jumapili, 3 Agosti

Kilometa 14, mbio ndefu kuliko zote. Tulipita kwenye kijiji kidogo nyuma ya chuo. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika mlenda juani akatusalimu "Mbukwenyi!" na sisi wote wawili tukaitikia nzima nzima, bila kukata. Kumbe kipimo cha Mwalimu kinafanya kazi na kwa Kigogo pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nimeshinda na watoto kwenye maonyesho ya Nzuguni, wanataka kuona kila ng'ombe na kila trekta. Sijakimbia. Miguu imetembea ya kutosha.

Jumanne, 12 Agosti

Vipande vinane, na cha nane kilikuwa cha kasi kuliko cha kwanza. Nilifika mbuyuni nikaugusa kwa kiganja. Gamba lake ni la baridi alfajiri, laini kama ngozi ya mnyama. Nikaushukuru. Nikashuka natembea, na wakati huo niliamini kabisa kwamba kazi imekwisha na 55 ni yangu.

Jumamosi, 23 Agosti

Namba ya kifuani iko juu ya meza pamoja na pini nne. Nimekula wali na maharage saa kumi na mbili jioni. Baba watoto amepiga pasi fulana bila kuambiwa. Nalala saa tatu.

Jumapili, 24 Agosti

Dakika 58 na sekunde 42. Malengo yote matatu yamepotea.

Naandika jioni hii hii kabla akili haijaanza kupunguza makali ya mambo.

Tulipangwa kwenye mstari saa moja kasoro robo. Nilikuwa nimepasha mwili vizuri, jasho limetoka. Ikabidi tumsubiri mgeni rasmi dakika 35. Mwili ukapoa, jua likatoka, na watu wakaanza kusukumana mbele. Filimbi ilipolia tuliondoka kama maji yaliyofunguliwa. Kilometa ya kwanza inateremka kidogo. Nilikwenda na umati, kila mtu anakimbia, nami najiambia hii ni zawadi, nitaiweka akiba. Nilipotazama saa: dakika 5 na sekunde 2. Nilijua ni haraka mno. Nikaendelea hivyo hivyo.

Kilometa ya pili 5:41. Ya tatu ndiyo Kilima cha Mbuyu. Kwenye kalavati alisimama mwanafunzi mteja wangu na wenzake, wanapiga makofi, akaita: "Mama, shikamoo!" Nikafungua mdomo kusema marahaba. Ikatoka "mara." Nusu nzima ya neno ilibaki kifuani. Wiki kumi nimefundishwa maana ya jambo hilo, nami badala ya kupunguza mwendo nikatazama saa, nikaona nachelewa, nikaongeza. Nilifika mbuyuni nikiona nyota. 6:24.

Ya nne 5:48, barabara inapanda na kushuka. Kisha ya tano na ya sita ndiko kwenye mteremko mrefu, na hapo ndipo nilipopanga kurudishiwa deni langu. Nilijiachia. Nasema nilijiachia lakini sivyo ilivyokuwa. Mwili ulitaka kwenda, nami kwa hofu ya kuanguka nilikuwa nimeegemea nyuma, kila hatua kisigino kinapiga lami pa, pa, pa, na kila kishindo kilipanda mpaka kwenye mapaja. 5:12 na 5:09. Kwenye karatasi ni kilometa nzuri. Nilikuwa nyuma ya mpango wa 55 kwa sekunde 16 tu, nikaamini nimefanikiwa.

Kilometa ya saba ni tambarare. Ndipo nilipogundua kwamba miguu si yangu. Pumzi ilikuwa imetulia, kifua kizuri, sina kichomi, kichwa kiko sawa. Mapaja ya mbele tu, juu ya magoti, yalikuwa yamejaa kitu kama mchanga uliolowa. 5:44. Saa ilisoma dakika 39 kamili. Hesabu niliifanya nikikimbia: 55 imeondoka, lakini kwa 58 nina dakika 19 za kilometa tatu, yaani 6:20 kila moja. Mwendo wa 6:20 ni mwendo ninaokwenda nao nikiwa napiga soga na jirani.

Ya nane ina kilima kifupi, nusu ya kile cha Mbuyu. Nilikipanda mpaka kwenye nguzo ya pili ya umeme na hapo nikatembea. Sikuamua. Goti liliinuka kidogo kuliko nilivyoliamuru, na hatua iliyofuata ikawa ya kutembea. Nikakimbia mpaka nguzo ya tatu, nikatembea tena. 7:02.

Lakini lililoniuma zaidi ni la kilometa ya tisa, kwa sababu ile ni ya kushuka. Ni mteremko ambao mtoto anauweza, na kweli mtoto aliuweza: kijana wa miaka kama kumi na mbili, namba yake ya kilometa 10 imening'inia kwa pini moja, miguuni yeboyebo, alinipita akishuka kwa vihatua vidogo vidogo vya haraka, mikono imefunguka pembeni kidogo, hana kishindo hata kimoja. Nami nilikuwa nashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Magoti yalikuwa yanakunjika yenyewe. Nilimaliza mteremko ule kwa 6:21. Polepole kuliko nilivyokimbia tambarare ya Nzuguni, polepole kuliko kilometa yangu ya pili iliyokuwa ya kupanda.

Ya mwisho 6:19. Nilivuka mstari, nikavishwa medali, nikapewa maji, nikakaa chini ya turubai. Jirani, aliyekimbia kilometa 5, alinivua raba bila kuniuliza. Nililia kidogo. Sekunde 42 tu.

Jumanne, 26 Agosti

Leo ndiyo siku mbaya zaidi, mbaya kuliko jana. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na alfajiri ilibidi nishike mlango. Dukani mashine ya kopi iliishiwa karatasi. Trei ya A4 iko chini kabisa, karibu na sakafu. Nimeinama mpaka katikati, mapaja yakakataa, nikabaki nimeshika kona ya mashine kwa mikono miwili, rimu ya karatasi iko kwapani. Mteja, kijana anayesoma udaktari, akazunguka meza akaipokea rimu na kuipachika yeye.

"Mama, umebeba mizigo?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kuchukua karatasi iliyoharibika, akachora mguu. Ukipanda mlima, amesema, msuli wa paja la mbele unajikaza huku ukifupika. Ukishuka, unajikaza huku ukivutwa kurefuka, kwa sababu ndio breki inayozuia uzito wako wote usianguke. Kazi hiyo ya kukaza huku unavutwa haichoshi pumzi sana, ndiyo maana kifua changu kilikuwa kizuri. Ila inachana nyuzi ndogo ndogo za msuli, na msuli uliochanika hupoteza nguvu palepale, hata kabla maumivu hayajafika. Maumivu yenyewe huja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ushuke," akasema. "Msuli ukishapitia hivyo mara moja, hata kidogo tu, mara inayofuata hauumii kiasi hicho. Kinga yake hudumu wiki kadhaa. Uliwahi kushuka kwa kasi mazoezini?"

Nimenyamaza. Nimemfanyia kopi zake zote bure na ule mchoro nimeubandika hapa kwa gundi.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu nyumbani kwake, na kauntabuku. Nilikuwa sijamwona tangu Jumapili kwa sababu ya aibu. Nilimkuta chini ya mti anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Salamu imetoka nzima. Kaa."

Akasoma muda wa kila kilometa, polepole, kidole chini ya kila mstari kama anavyowasomesha watoto. Kisha akarudi mwanzo, 11 Juni, akaanza kuhesabu kwa sauti vipande vya mlima: vinne, tisa, kumi na tano. Alikuwa anaweka punje ya mahindi moja juu ya kigoda kwa kila kipande. Alipofika Agosti kulikuwa na punje 56. Akazipanga vizuri.

"Hizi ni za kupanda. Sasa zile za kushuka ziko wapi?"

Hakukuwa na hata moja. Mara 56 nimepanda kile kilima nikikimbia, na mara 56 nimekishuka natembea, nikitazama mabati yanavyowaka. Mwili wangu unajua kupanda. Kushuka kwa kasi uliona kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, kilometa mbili mfululizo, kwa nguvu zote, kwenye lami.

"Mimi ndiye niliyekuambia ushuke taratibu," amesema. "Nilimaanisha upumzike. Watoto wa shule nilikuwa siwafundishi kushuka, wanashuka wenyewe tangu wanachunga mbuzi. Nikasahau kwamba wewe ni wa pwani. Kosa hilo tugawane."

Sikutaka agawane, nikamwambia. Alinionya kuhusu Nzuguni nikamjibu kwa jeuri ya hesabu. Sasa hesabu yenyewe ninayo mbele yangu. Kilometa ya tatu pekee ilinigharimu sekunde 54 juu ya mpango. Kilometa mbili za kushuka, za tano na sita, kwa pamoja zilinirudishia 39. Na 39 hizo nilizilipia baadaye kwa riba kubwa, tatu za mwisho. Mlima haurudishi ulichoupa. Kwa njia ile, kwa miguu ile, 55 haikuwepo tangu mwanzo, na nilipaswa kulijua hilo tarehe 21 Julai mzee alipofunga kauntabuku. Lakini 58 ilikuwepo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. 58 ilikuwepo mpaka kilometa ya saba.

Nikamwuliza kama atanifundisha kushuka. Akazirudisha punje kwenye ungo, moja ikabaki mkononi mwake. Amenipa. Nimeipachika kwa selotepu pembeni ya ukurasa huu.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya kwanza ya kushuka. Tumeanza na mteremko mdogo, mita 150, njia ya vumbi na si lami, vipande vitatu tu, kwa mwendo wa chini.

Ni kazi ngumu kwa namna nyingine kabisa. Woga uko mwilini, hauko kichwani. Mwalimu anasema "usikae kwenye kiti", kwa sababu kila nikishuka nyonga zinarudi nyuma kama natafuta pa kukaa, na hapo mguu unatangulia mbali mbele ya mwili na kisigino kinapiga. Anataka hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya mwili wenyewe. Macho mbele, yasiwe kwenye vidole. Mikono ifunguke kidogo. Nikamkumbuka yule kijana wa yeboyebo, maana alikuwa anafanya yote hayo na hakuna aliyemfundisha.

Kipande cha tatu nilikanyaga kokoto, nikateleza, nikakaa chini kweli. Kiganja kimechubuka, na mwiba wa mgunga umeingia. Jirani ameutoa kwa sindano jioni.

Jumanne, 9 Septemba

Maumivu yapo ila nachuchumaa. Trei ya chini nimeijaza mwenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka saa kumi na moja, simu imejaa. Alphonce Simbu amechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo usiku huu wakati tumelala. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wamepewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, kwa sekunde 0.03. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni wa Singida, jirani zetu kabisa, mwanajeshi, yule aliyeleta shaba kutoka London mwaka 2017.

Nimeitazama ile video ya mita za mwisho labda mara ishirini. Petros yuko mbele. Ukiangalia bila kujua mwisho, utasema ameshashinda. Nimefungua duka na nikaiweka kwenye kompyuta ya kuprintia, wateja wakajaa, hakuna aliyeprinti kitu mpaka saa mbili. Mzee mmoja wa bodaboda alikuwa anafuta machozi kwa glavu.

Kalavati tulikutana kama kawaida, kabla sijafungua duka. Vipande vinne vya kushuka. Mwalimu alikuwa na redio ndogo sikioni na hakusema neno juu ya miguu yangu leo, alikuwa anasema tu "Singida, Singida."

Jumamosi, 20 Septemba

Leo ni Kilima cha Mbuyu chenyewe, lami, kutoka mbuyuni hadi kalavati. Vipande sita. Kupanda natembea, kushuka nakimbia, kinyume cha miezi mitatu yote.

Mwalimu amesimama kwenye kalavati na kunipa mgongo, anatazama upande wa Ng'ong'ona. Alisema hataki kuniona, anataka kunisikia. Akinisikia atasema.

Cha kwanza, nilikuwa bado mbali, labda mita 80, akainua mkono bila kugeuka: "Nakusikia." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti tena, visigino vinapiga. Cha pili, "Nakusikia." Cha tatu nilifupisha hatua mpaka nikaona haya, kama natembea kwa vidole jikoni watoto wamelala, na mwendo ukaongezeka badala ya kupungua. Mita kama 30 hivi ndipo akainua mkono. Cha nne nilianza vibaya, upepo ukanisukuma mgongoni, nikaogopa, "Nakusikia." Cha tano, mita 20.

Kabla ya cha sita nilikaa kidogo chini ya mbuyu. Jua lilikuwa limeshachomoza, mabati yanawaka, sikuyatazama sana. Nikashuka. Nusu ya kilima nilikuwa nasikia raba zangu mwenyewe, halafu nikawa sizisikii, nasikia upepo tu na ng'ombe mmoja mbali. Mapaja yalikuwa kimya. Mgongo wa Mwalimu ukawa unakuja, koti lake la kahawia, mkono wake umetulia kando. Hakuinua. Nilimpita kwa ubavu wa kulia nikasema "Shikamoo Mwalimu" kwa pumzi moja, naye akashtuka akashika kofia.

Kushuka: 6.